Nafuu Inayoficha Ugonjwa: Brusela ya Ubongo na Wadi za Pemba

Mtu anayelazwa Chake Chake, Wete au Mkoani akiwa na homa ya wiki kadhaa, kichwa kinachomuuma usiku na mchana na shingo iliyokakamaa, huanzishiwa sindano za seftriaksoni, na ndivyo inavyopaswa, kwa sababu homa ya uti wa mgongo haisubiri majibu ya maabara. Siku ya nne au ya tano joto linashuka, mgonjwa anakaa kitako, anaomba uji, na kwenye faili panaandikwa kuwa dawa imefanya kazi. Akimaliza dozi anaruhusiwa kwenda kwao. Hoja yangu inaanzia pale anapotoka mlangoni. Nafuu ile haithibitishi kwamba ugonjwa umejulikana. Kwa ugonjwa mmoja hasa, brusela iliyoingia kwenye ubongo na neva, nafuu hiyo ndiyo inayouficha, na tusipoitilia shaka tutaendelea kumpokea mtu yule yule mara ya pili na ya tatu, kila mara na jina jipya la maradhi na kila mara akiwa amepoteza kitu: usikivu, nguvu za miguu, au utulivu wa akili.

Brusela ni bakteria wa mifugo. Aina iitwayo Brucella abortus hukaa zaidi kwa ng'ombe, na Brucella melitensis, ambayo kwa binadamu ni kali zaidi, hukaa kwa mbuzi, kondoo na ngamia. Wafugaji wengi wanaujua kama ugonjwa wa kutupa mimba. Daktari wa jeshi la Uingereza, David Bruce, aliviona vijidudu hivi mwaka 1887 kutoka kwa askari waliokufa kwa homa kisiwani Malta, na ilimchukua Mmalta Themistocles Zammit hadi mwaka 1905 kuonyesha kuwa chanzo ni mbuzi waliokuwa wakikamuliwa maziwa yanayouzwa mitaani. Kijidudu hiki kina tabia moja inayoeleza karibu kila kitu kitakachofuata hapa: hujificha ndani ya seli zile zile za kinga zinazotakiwa kukiua. Dawa inayoogelea kwenye damu kwa siku kumi humaliza walioko nje na kuwagusa kidogo walioko ndani. Homa inashuka, kijidudu kinabaki. Katika orodha za wagonjwa zilizochapishwa Uturuki, Saudi Arabia, Kuwait na kwengineko, takriban watano katika kila mia wenye brusela huguswa mfumo wa neva. Wengine hupata homa ya uti wa mgongo ya polepole. Wengine hupoteza usikivu kwa kuwa neva ya nane ya kichwa ndiyo inayoshambuliwa mara nyingi kuliko neva nyingine zote za kichwa. Wapo wanaolegea miguu, wapo wanaopata kiharusi wakiwa vijana, na wapo ambao dalili ya mwanzo kabisa ni huzuni nzito, kuchanganyikiwa au kubadilika tabia, hata familia ikaona ni jambo la kusomewa au kupelekwa kwa mganga kabla ya kufikiria hospitali.

Sasa tazama dawa tunazozitumia kila siku kwa maradhi mengine. Homa ya matumbo hutibiwa kwa siprofloksasini au seftriaksoni. Mtoto mwenye homa kali hupewa gentamaisini. Kotrimoksazoli humezwa na watu wanaoishi na virusi vya Ukimwi ili kuwakinga na maambukizi. Doksisaiklini hutolewa kwa maradhi ya zinaa na kwa vidonda. Rifampisini ni mhimili wa tiba ya kifua kikuu. Kila moja kati ya hizi humgusa brusela, na hakuna hata moja inayommaliza ikitumika peke yake kwa siku chache. Kwa maradhi mengi, tiba ya kubahatisha ikikosea, mgonjwa haponi na kosa linajitokeza lenyewe. Hapa ni kinyume. Tukikosea, mgonjwa anapata nafuu ya kweli, ya kuonekana kwa macho, na kosa linaandikwa kama mafanikio. Ni vigumu kupata mtego mgumu zaidi ya huu kwa daktari mwenye bidii, kwa sababu macho yake mwenyewe ndiyo yanayomdanganya.

Mtego huo ni mkali zaidi kwenye kifua kikuu cha ubongo. Ukitoa maji ya uti wa mgongo ya mgonjwa wa kifua kikuu na ya mgonjwa wa brusela ukayaweka kando kwa kando, hesabu zake hufanana sana: seli nyeupe zimeongezeka na nyingi ni limfositi, protini iko juu, sukari imeshuka au imebaki kawaida. Vipimo vya kuona kifua kikuu moja kwa moja, hata vile vya kijeni, haviwezi kukikanusha vikitoa jibu la hapana, kwa kuwa vijidudu kwenye maji hayo ni vichache. Kwa hiyo daktari, akiwa na haki kabisa, humwanzishia mgonjwa dawa nne za kifua kikuu pamoja na deksamethasoni. Ndani ya mchanganyiko ule mna rifampisini, inayomsukuma brusela nyuma, na mna deksamethasoni, inayopunguza uvimbe wa utando wa ubongo bila kujali nani aliyeuleta. Baada ya wiki mbili mgonjwa anatembea. Nani atamlaumu daktari akiamini kwamba jibu limepatikana? Lakini isoniazidi na wenzake hawana kazi kubwa kwa brusela, rifampisini imebaki peke yake vitani, na ugonjwa unaotibiwa kwa rifampisini peke yake hurudi mara nyingi, ukiwa na uwezekano wa kuja na usugu.

Nisieleweke vibaya. Kifua kikuu cha ubongo huua haraka na kinapatikana zaidi, na hakuna daktari anayepaswa kuzuia dawa zake akisubiri majibu ya brusela. Ninachopinga ni kufunga mjadala baada ya nafuu ya kwanza.

Ushahidi kwamba nchini kwetu homa hupewa majina yasiyo yake ni mzito. Mwaka 2007 na 2008 wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa katika hospitali za KCMC na Mawenzi mjini Moshi walichunguzwa kwa kina. Madaktari walikuwa wameandika malaria kwa 528 kati yao, yaani wagonjwa 6 katika kila 10. Malaria ya kweli ilikutwa kwa 14 tu. Maradhi ya bakteria yanayotoka kwa wanyama yalikutwa kwa zaidi ya robo ya waliopimwa maradhi hayo, na 16 walikuwa na brusela. Jambo linaloniuma kuliko takwimu hizo ni kwamba hapakuwa na mgonjwa hata mmoja ambaye faili lake la siku ya kulazwa lilitaja ugonjwa wowote wa wanyama, hata kama jambo la kushukiwa tu. Madaktari wale hawakuwa wazembe. Walikuwa wakifikiria maradhi waliyofundishwa kuyaogopa na waliyokuwa na vipimo vyake mkononi.

Pemba ina hali yake tofauti, nayo inaongeza uzito wa hoja. Malaria Visiwani imeshuka kiasi kwamba kwa miaka mingi waliokutwa na vimelea katika tafiti za jamii ni chini ya mmoja katika mia. Homa zilizobaki zinahitaji jina, na jina lililo karibu ni homa ya matumbo. Jina hilo si la uongo: damu za wagonjwa wa homa zilizooteshwa Pemba mwaka 2009 na 2010 zilionyesha Salmonella Typhi akiongoza miongoni mwa bakteria waliopatikana. Kwa sababu homa ya matumbo ipo kweli, inakuwa rahisi kuibandika kwa kila homa ndefu. Mgonjwa anapewa siprofloksasini, anapata nafuu ya wiki mbili, anarudi na kichwa, anaambiwa taifodi imemrudia. Mzunguko ule ule.

Atakuja mtu aseme: brusela ya Bara, ya Wamasai wa Ngorongoro na ng'ombe wao, inatuhusu nini sisi watu wa karafuu na samaki? Ni swali la haki. Tanzania imeiweka brusela miongoni mwa maradhi sita ya wanyama yaliyopewa kipaumbele cha taifa, na uamuzi huo haukuishia kwenye mbuga za kaskazini. Kaya nyingi za mashamba Pemba zina ng'ombe wawili watatu wa maziwa, wa gari au wa kulimia, na mbuzi hawakosekani. Wanyama huvushwa kutoka Bara, hasa sikukuu zinapokaribia, na ng'ombe mwenye brusela hana alama usoni; anaweza kutupa mimba mara moja kisha akazaa vizuri miaka inayofuata huku akiendelea kutoa vijidudu kwenye maziwa. Kuna na njia ya pili ambayo Mpemba anaijua kuliko mtu wa Moshi: Oman. Familia nyingi za kisiwani zina jamaa huko, watu huenda na kurudi, na mkoa wa Dhofar, wenye Salalah yake na ngamia na mbuzi wake, ndio kitovu cha brusela nchini humo. Kijidudu hiki kinaweza kukaa mwilini miezi mingi kabla ya kujitokeza kwenye neva. Aliyekunywa maziwa mabichi ya ngamia safarini anaweza kuugulia Konde au Kengeja mwaka unaofuata.

Ndiyo maana kazi ya kwanza ni maswali, na maswali yenyewe yaulizwe vizuri. Ukimuuliza mgonjwa kama hunywa maziwa mabichi, wengi watasema hapana na watakuwa wakweli, kwa sababu maziwa ya chai huchemshwa. Uliza kuhusu mtindi: maziwa yake yalichemshwa kabla ya kugandishwa, au yaliachwa tu kwenye chombo yakaganda yenyewe? Uliza nani alimsaidia mnyama kuzaa, nani alilizika kondo la nyuma, na kama alivaa kitu mikononi. Uliza kama zizini kwake au kwa jirani kuna aliyetupa mimba katika mwaka uliopita. Uliza safari za Bara na za Arabuni. Uliza pia kama mumewe, mkewe au watoto wana homa za kupanda na kushuka, jasho la usiku na maumivu ya viungo, kwa kuwa chungu kimoja cha maziwa hunyweshea nyumba nzima. Majibu yaandikwe kwenye faili siku ya kwanza, kabla joto halijashuka na kabla hamu ya kuuliza haijaisha.

Kipingamizi kikubwa zaidi kinatoka upande wa pili, kwa wale wanaohofia kwamba tukianza kuitafuta brusela tutaiona kila mahali. Hofu yao ina msingi. Magharibi mwa Kenya, watafiti walichukua wagonjwa 825 wa homa katika vituo vya afya. Kipimo cha haraka kilichokuwa kikitumika vituoni kiliwapa 162 jibu la kuwa na brusela, lakini kipimo cha Rose Bengal katika maabara kuu kiliwapa 8 tu jibu hilo. Fikiria watu zaidi ya 150 wakimeza dawa za wiki sita kwa ugonjwa ambao pengine hawana, na wakiacha kutafutiwa ugonjwa walionao. Kwetu ingekuwa hatari zaidi, kwani kingamwili za brusela huchanganyika na za bakteria wengine, na mmoja wao ni wa kipindupindu, mgeni aliyerudi mara nyingi Visiwani. Lakini somo la Kenya ni kuachana na kipimo kibovu na kuacha kumpima kila mwenye joto. Haliwi hoja ya kutompima mtu ambaye ana homa ya zaidi ya wiki mbili, ana dalili ya neva, na ana jibu la ndiyo kwenye maswali ya mifugo. Kwa mtu kama huyo Rose Bengal ni tone moja la damu na tone moja la dawa kwenye kigae, majibu ndani ya dakika chache, na dawa yake ni ile ile wanayoitumia madaktari wa mifugo kupima ng'ombe. Likitoka jibu la ndiyo, lifuatwe na kipimo cha mirija kinachohesabu wingi wa kingamwili, na fundi asiishie kwenye vipimo vya mwanzo vya kuchanganya: damu yenye kingamwili nyingi kupita kiasi inaweza kuonekana haina kitu mpaka iongezewe maji mara nyingi zaidi.

Hata hivyo damu peke yake haitoshi kusema ubongo umeguswa. Mfugaji anaweza kubeba kingamwili za maambukizi ya zamani na akawa anaumwa kichwa kwa sababu nyingine kabisa. Maji ya uti wa mgongo lazima yatolewe. Watafiti walioratibiwa kutoka Istanbul walikusanya wagonjwa 177 wenye homa ya uti wa mgongo sugu ya brusela, wakalinganisha vipimo. Kipimo cha mirija kwenye damu kiliwakamata 94 katika mia, na kwenye maji ya uti wa mgongo 78 katika mia. Rose Bengal kwenye maji hayo iliwakamata 71 katika mia. Kuotesha maji hayo kwa mashine za kisasa kulimpata kijidudu kwa robo tu ya wagonjwa, na kwa njia ya kale kwa 9 katika mia. Maana yake kwa hospitali ya kisiwani ni nzuri kuliko inavyoonekana: kipimo rahisi, kinachowezekana kwenye maabara ya kawaida, kilifanya kazi kuliko mashine ya gharama. Na maana yake nyingine ni onyo. Chupa ya kuotesha ikikaa siku tano bila kuota kitu, hilo halimkanushi brusela. Maabara ya Afya ya Jamii ya Ivo de Carneri iliyoko Wawi, iliyofunguliwa mwaka 2000, ni mahali pa kuanzia kazi hii, ilimradi daktari anayepeleka sampuli aandike waziwazi kwamba anashuku brusela. Kijidudu hiki ni miongoni mwa wanaowaambukiza wafanyakazi wa maabara mara nyingi zaidi, na fundi ana haki ya kujua anachofungua.

Juu ya kutoa maji ya mgongo kuna hofu mitaani, kwamba aliyechomwa hupooza au hufa. Hofu hiyo ina chanzo: mara nyingi huchomwa mgonjwa aliyekwisha kuzidiwa, akifa inaonekana ni sindano. Haifai kuicheka wala kuipita kwa haraka. Familia iambiwe kwamba sindano huingia chini ya pale uti wenyewe unapoishia, kwamba kichwa kinaweza kuuma siku mbili tatu baadaye, na kwamba mwenye dalili za kubanwa kwa ubongo hupigwa picha kwanza. Iambiwe pia kwa nini itabidi kuchomwa tena baadaye.

Kuna atakayesema haya yote yanachelewesha tiba. Hayacheleweshi. Damu na maji ya uti wa mgongo huchukuliwa, kisha seftriaksoni inaanza saa ile ile. Sehemu ndogo ya sampuli ihifadhiwe kwenye barafu, ili mgonjwa akirudi baada ya wiki sita kuwe na kitu cha siku ya kwanza cha kupimwa, kabla dawa hazijavuruga picha.

Tiba yenyewe ikishathibitishwa ina msimamo mmoja usiobishaniwa: dawa moja haitoshi na wiki sita za brusela ya kawaida hazitoshi. Doksisaiklini miligramu 100 mara mbili kwa siku, kwa kuwa huingia kwenye ubongo vizuri kuliko ndugu zake wa kale. Rifampisini miligramu 600 hadi 900 kwa siku. Na seftriaksoni gramu 2 mara mbili kwa siku kwa mshipa katika mwezi wa kwanza au zaidi kidogo. Utafiti mwingine wa kundi lile la Istanbul, uliochapishwa mwaka 2012 kwa wagonjwa 215, ulionyesha kuwa walioanza na seftriaksoni walitibiwa kwa wastani wa miezi minne na nusu hivi, na waliotumia kotrimoksazoli mahali pake walichukua zaidi ya miezi sita. Wagonjwa wale hawakugawanywa kwa kura, kwa hiyo tusiuchukue kama neno la mwisho, lakini hakuna ushahidi bora zaidi tulionao. Streptomaisini na gentamaisini, zinazosifika kwa brusela ya kawaida, hapa zina kasoro mbili: haziingii vizuri kwenye maji ya ubongo, na zinaweza kuharibu masikio katika ugonjwa ambao wenyewe unayaharibu. Mtoto wa chini ya miaka minane na mjamzito hawapewi doksisaiklini kwa muda mrefu hivyo. Kwao rifampisini na kotrimoksazoli ndizo zinazotegemewa, kwa uangalizi. Deksamethasoni ina nafasi pale neva ya jicho au uti wa mgongo unapobanwa, ingawa nafasi hiyo imejengwa juu ya uzoefu wa mabingwa, haijapimwa kwa majaribio.

Wapo wanaopendekeza njia ya mkato: mgonjwa akiwa kati ya kifua kikuu na brusela, ongeza doksisaiklini juu ya dawa za kifua kikuu na uachane na vipimo. Kwa mgonjwa anayezama na ambaye majibu yake hayasomeki, hata mimi ningeongeza. Lakini ningeandika kwenye faili kwamba tunatibu maradhi mawili kwa makusudi, ningeweka tarehe ya kuyatoa maji ya mgongo tena, na ningeangalia ini lake kila baada ya wiki chache, maana isoniazidi, pirazinamidi na rifampisini zote hulichosha. Bila tarehe hiyo, mwaka mzima utapita mgonjwa akibeba majina mawili na hakuna anayejua ni lipi la kweli, wala lini doksisaiklini isimame. Kipimo cha kusimamisha dawa ni maji ya uti wa mgongo: seli zimepungua, protini imerudi, sukari imepanda. Mgonjwa kujisikia vizuri hutokea miezi kadhaa kabla ya hapo. Na kabla hajaruhusiwa apimwe masikio, kwa sababu asiyesikia hajui daima kwamba hasikii.

Kuna kikwazo kimoja ambacho daktari wa wilaya hawezi kukiondoa peke yake. Rifampisini kwetu hupita zaidi kwenye mpango wa kifua kikuu, ikiwa imeunganishwa na isoniazidi na nyingine ndani ya kidonge kimoja. Mgonjwa wa brusela ya ubongo anaihitaji rifampisini peke yake, kwa miezi minne hadi sita bila kukatika, pamoja na chupa za seftriaksoni za mwezi mzima ambazo familia ya mkulima wa Micheweni haiwezi kuzinunua dukani. Wagonjwa hawa ni wachache, na akiba ya kuwatosha ingejaa kwenye kabati moja la dawa Chake Chake. Wizara ya Afya Zanzibar iiweke akiba hiyo sasa, na impe daktari dhamana wa Pemba mamlaka ya kuifungua bila kusubiri barua kutoka Unguja.